Naomba ushauri: fremu ya bei nafuu ya baiskeli ya mbio kwa mtu wa sentimita 203

Twiga Mpole (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina urefu wa sentimita 203, na kwa miaka minne nimekuwa nikiendesha baiskeli ya mbio ya kuazima ambayo magoti yangu hukaribia kugusa usukani kila ninapokata kona, na mgongo hunishika kabla saa ya kwanza haijaisha. Magurudumu, breki na gia ninavyo tayari, kwa hiyo ninachotafuta ni fremu tu, na fremu ya kutengenezewa kwa vipimo vyangu siiwezi. Nitafute saizi gani? Na je, fremu iliyo ndogo kidogo inaweza kuokolewa kwa nguzo ndefu ya siti? Nitashukuru nikijibiwa mapema, kwa kuwa siku za kuamua ni chache.

Fundi Spoki
Ndugu, tafuta fremu ya chuma ya zamani. Kabla ya kampuni ya Giant kuleta baiskeli yake ya TCR mwishoni mwa miaka ya 1990, ile iliyosanifiwa na Mike Burrows ikiwa na paipu ya juu inayoteremka kuelekea kwenye siti na saizi chache tu, watengenezaji wengi walikuwa wakipandisha saizi kwa sentimita moja au mbili, na kukuta 62 au 64 hakukuwa jambo la ajabu. Fremu hizo kubwa hukaa muda mrefu bila mnunuzi kwa sababu wanaozifikia ni wachache, na muuzaji akishachoka kuiona inaning'inia ukutani huipunguza bei mwenyewe.

Ukikuta kibandiko cha Reynolds 531, chuma kilichoingia sokoni mwaka 1935, usiogope umri. Ogopa kutu iliyo ndani ya paipu ya siti. Kisha pitisha kidole chini ya paipu mbili zinapokutana na shingo ya mbele. Ukihisi mkunjo mdogo kama wa shati lililopigwa pasi vibaya, au ukiona rangi imepasuka kwa mstari wa kukatiza, basi fremu hiyo iliwahi kugonga kitu, nawe iache hapo hapo. Hukutaja urefu wa miguu.

Mama Pacha
Mume wangu ana sentimita 198, naye alinunua fremu kubwa ya chuma kama hiyo anayoisifu Fundi. Siku moja tulikuwa tukiteremka mlima, mimi nikiwa nyuma yake, nikaona sehemu ya mbele ya baiskeli yake ikianza kutikisika kushoto na kulia kama mkia wa mbwa, na kadiri alivyozidi kuubana usukani ndivyo ulivyozidi kutikisika. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kilichomwokoa ni kulegeza mikono na kulibana paipu la juu kwa goti, jambo ambalo anadai alilijua siku zote ingawa mimi najua alilifanya kwa bahati. Baiskeli hiyo sasa ndiyo tunayotundikia makoti, na kabati langu limepata nafasi.

Pedali Moja
Mkuu, chukua ngazi, iwekee magurudumu mawili, na saizi utakuwa unajichagulia kila asubuhi kwa kupanda daraja moja au kushuka.

Mzee Taratibu
Wanangu, tatizo la nyakati hizi ni haraka. Baiskeli ya mbio inamtaka mtu ajikunje, na mtu mrefu hakuumbwa ajikunje. Nunua baiskeli ya kawaida, uketi wima, usalimie watu njiani, na hela inayobaki uiweke akiba.

Pedali Moja
Mzee, shikamoo, lakini Conor Dunne wa Ayalandi ana sentimita 204 na mwaka 2018 alikuwa bingwa wa taifa lake katika mbio za barabarani. Naye tungemwambia aketi wima awe anasalimia watu?

Kipimo Kwanza
Mleta uzi, nimesoma bandiko lako mara tatu. Umetaja urefu wako, mgongo wako na umaskini wako, ila umbali kutoka kwenye msamba hadi sakafuni hukuutaja, na huo ndio unaoamua saizi. Halafu mtu ambaye bado anatafuta fremu haulizi habari za nguzo ya siti, wala hasemi kwamba siku zake ni chache. Je, fremu tayari unayo?

Twiga Mpole
Wakuu, sikutaka kuwachosha kwa mambo ya nyumbani. Ni kweli, fremu ipo. Anayeiuza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na nimekwishatanguliza nusu ya fedha. Ni ya aluminiamu, saizi 58, na foki yake, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ni ya kaboni. Shingo ya foki, ile inayopanda hadi kwenye usukani, ilikatwa na mwenye baiskeli wa kwanza, aliyependa usukani wa chini, lakini shemeji anasema stemu inayoelekea juu, kile kipande kinachoshika usukani, itarekebisha hilo. Nguzo ya siti iliyokuja nayo ina milimita 300. Miguu yangu ni sentimita 84, kwa hiyo nadhani 58 si mbaya kama mnavyoifikiria. Zaidi ya hayo, fremu ni nyepesi na rangi yake haina hata mkwaruzo.

Mama Pacha
Shemeji! Kumbe hukuja kuuliza habari za fremu, umekuja kuomba mtu wa kukusindikiza ukairudishe.

Kipimo Kwanza
Hapa ndipo ninapopata shaka na uzi mzima. Miguu ya sentimita 84 ni ya mtu wa sentimita 180 hivi. Ukiiweka kwenye mwili wa sentimita 203, inabaki sentimita 119 kutoka msamba hadi utosini, na mtu wa namna hiyo akikaa kwenye kiti cha basi atawaziba abiria wote wa nyuma, lakini akisimama atakuwa kama amepiga magoti. Wakuu, hii ni chai. Mtu amejitungia urefu na shemeji ili tumtumikie bure.

Pedali Moja
Mimi nilishaanza kumwonea huruma. Nirudishieni huruma yangu.

Mzee Taratibu
Hata kama ni ya kutunga, nasaha zangu zinabaki pale pale.

Fundi Spoki
Msimhukumu haraka. Twiga, hizo 84 ulizipimaje?

Twiga Mpole
Nilizisoma kwenye suruali. Fundi cherehani aliandika 84.

Fundi Spoki
Suruali inaanza pale fundi cherehani alipoamua ianze na inaishia pale kitambaa kilipoishia. Vua viatu, simama mgongo ukigusa ukuta, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu na ukipandishe kwa nguvu kama siti inavyokusukuma unapoendesha, kisha mtu mwingine aweke alama ukutani usawa wa ukingo wa juu wa kitabu. Pima mara tatu.

Twiga Mpole
Nimepima. Mwanangu alishika penseli, akacheka hadi tukaanza upya. Ni 99, 99 na 98.5. Kipimo Kwanza, nimekasirika kidogo, lakini hesabu yako ilikuwa na haki ya kushangaa.

Kipimo Kwanza
Nimeifuta kauli ya chai. Shemeji bado namtilia shaka.

Fundi Spoki
Sasa tunaweza kuzungumza. Ipo kanuni iliyopata umaarufu kupitia Greg LeMond wa Marekani, aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990: zidisha urefu wa mguu kwa 0.883, utapata umbali kutoka katikati ya ekseli ya kranki, pale mikono ya pedali inapozungukia chini ya fremu, hadi juu ya siti. Kwako ni sentimita 87.4. Toa 58 za fremu, maana saizi ni urefu wa paipu ya siti kwa sentimita, zinabaki 29 na kitu. Siti na reli zake hula kama tano, kwa hiyo nguzo itajitokeza nje sentimita 24, na ndani ya fremu inatakiwa izame walau 10, ipite pale paipu ya juu ilipoungwa. Nguzo yako ya milimita 300 itazama sentimita sita tu, na ule mstari uliochongwa juu yake kuonyesha mwisho wa kuivuta utauona ukiwa nje unakutazama. Siku utakayoruka shimo, kitakachopasuka ni fremu, na aluminiamu haichomelewi kirahisi kama chuma.

Hilo la nguzo linatibika kwa kununua ya milimita 400. Lisilotibika kwa nguzo ni usukani. Foki iliyokatwa shingo hairefuki, na hata ukiweka stemu ya kuelekea juu, usukani utakaa chini ya siti kwa karibu shibiri nzima, na mgongo unaoulalamikia utaendelea kulalamika. Itabidi ununue foki nyingine ambayo haijakatwa, na ukijumlisha foki, nguzo na stemu, ule unafuu wa shemeji unakwisha. Kwa miguu yako mimi ningeanzia saizi 64.

Twiga Mpole
Nimekuelewa, Fundi, lakini mtazame upande wangu pia. Nikimrudishia fremu, kila sherehe ya ukoo nitaulizwa habari zake. Nimemwomba anibadilishie foki tu. Amesema foki haina shida, tuanze na nguzo.

Mama Pacha
Mwambie mke wako aongee naye. Wewe huwezi.

Twiga Mpole
Shemeji amefika jioni hii na nguzo ya milimita 400, amefurahi kweli kweli. Unene wake ni milimita 31.6. Tundu la fremu ni 27.2. Ameniuliza kama nina nyundo.

Fundi Spoki
Usimpe.