Naomba ushauri: kamera ya kusoma hisia za wanafunzi darasani

Ndugu walimu wenzangu, ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari ya binafsi hapa Tanzania, na uongozi wetu umeletewa programu inayotumia kamera na kinasa sauti kukisia, kutokana na uso, mkao na sauti ya mwanafunzi, iwapo amechoka, amechanganyikiwa au ana hofu. Muuzaji anaegemea nadharia ya mwanasaikolojia Paul Ekman ya hisia chache za msingi zinazofanana usoni kwa watu wote, ilhali mapitio ya tafiti ya mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett na wenzake ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba kukunja uso peke yake si ushahidi wa kutosha wa hasira.

Ninaye mwanafunzi wa kike wa kidato cha pili ambaye kila nikimwita huinamisha macho na kujibu kwa sauti ya chini. Mashine ingemwita mwoga, nami najua kuwa ni malezi tu, kwani daftari lake limejaa majibu sahihi. Anayenipa wasiwasi ni mchekeshaji wa darasa, anayefuta kazi yake mpaka karatasi inatoboka.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mifumo ya aina hii shuleni kuanzia Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Je, nimweleweshe vipi mkuu wa shule bila kuonekana mkaidi, na ninyi hutegemea dalili zipi darasa linapojaa?