Mjadala: Je, mzazi mwenye ajira asome kwa mtandao?

Mleta mada, mwalimu, Mukono

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo imetushughulisha katika chumba cha walimu shuleni kwetu tangu muhula uliopita. Sera ya Taifa ya Walimu ya Uganda ya mwaka 2019 imeifanya shahada kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa mwalimu, awe wa chekechea au wa sekondari, na sisi wenye cheti cha ualimu cha daraja la tatu au stashahada hatuna budi kurudi masomoni tukiwa na watoto wa kulisha na vipindi vya kufundisha. Mtu anaweza kuacha kazi akakaa chuoni, anaweza kusoma jioni na mwisho wa wiki, anaweza kusoma wakati wa likizo za shule kama walimu wengi wa nchi hii walivyofanya kwa miaka mingi, au anaweza kusoma kwa mtandao. Njia hii ya mwisho ndiyo inayosifiwa siku hizi, na sifa yake kubwa ni kwamba inampa mtu uhuru wa kusoma wakati wowote. Mimi nasema kasoro yake imo humo humo katika sifa hiyo, na kwamba mzazi aliyeajiriwa, hasa akiwa mama, asiichague kabla ya kujiuliza maswali ambayo matangazo ya vyuo hayamuulizi.

Nilisoma kwa mtandao mihula miwili. Nilikuwa nikirudi kutoka shuleni saa kumi na moja jioni, na kuanzia hapo mpaka watoto walale, huo "wakati wowote" sikuuona. Nilipofungua simu kufuata mhadhara, mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aliona mtu anayechezea simu. Hakuwa na ubaya wowote, alisema alichokiona. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akipanda taksi kwenda Kampala kwa masomo ya jioni alihesabiwa kuwa amekwenda chuoni, na chakula chake kilifunikwa kikamngoja. Mimi niliyekuwa sebuleni niliitwa kuangalia maharagwe yasiungue. Aliyetoka nyumbani aliaga mara moja tu mwanzoni mwa muhula, nami nililazimika kuomba ruhusa upya kila usiku, na kuna usiku ambao sikuwa na nguvu ya kuiomba.

Muhula wa tatu nilihamia mpango wa likizo. Ni mgumu, na karo yake haina nafuu, lakini ukoo mzima unajua kwamba shule zikifungwa mimi nipo chuoni.

Najua wako watakaonikumbusha wakati wa korona. Shule na vyuo vilifungwa Machi 2020, shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022, na katika kipindi hicho Baraza la Taifa la Elimu ya Juu liliruhusu vyuo kufundisha kwa mtandao kwa utaratibu wa dharura. Hata hivyo, mafunzo yaliyotolewa wakati watu wengi walikuwa wamefungiwa nyumbani hayathibitishi kwamba mtu anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni ataweza kusoma vivyo hivyo. Wala elimu ya mbali haikuanza na janga lile. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada za masomo ya nje, yaani za wanafunzi wasiokaa chuoni, mwaka 1991, na wanafunzi hao walikuwa na moduli zilizochapishwa pamoja na vikao vya ana kwa ana. Mwanafunzi alikuwa na tarehe ya kusafiri, na tarehe ile ilimlinda. Ningependa tujadili kama ulinzi wa namna hiyo unaweza kupatikana katika masomo yasiyomtaka mtu atoke nyumbani kwake.

Muuguzi, Arua

Mwalimu, nimekusoma kwa heshima, ila umeandika kama mkazi wa Mukono, karibu na Kampala. Kutoka hapa hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na anayekwenda huko kwa masomo ya mwisho wa wiki humaliza mwisho wa wiki wote ndani ya basi. Huo mpango wako wa likizo ni mzuri kwa walimu, kwa sababu shule hufungwa. Wagonjwa hawana likizo ya Agosti. Zamu yangu wiki hii ni ya asubuhi, wiki ijayo ni ya usiku, na wiki inayofuata huenda mwenzangu akaugua nikazichukua zake pia. Darasa la jioni lenye saa maalumu ningelikosa zaidi ya nusu, kisha ningeambiwa sina mahudhurio ya kutosha kuruhusiwa mtihani.

Nasoma usimamizi wa huduma za afya. Sisomi uuguzi wenyewe kwa mtandao, na simshauri mtu afanye hivyo, maana mshipa wa mtoto mchanga hautafutwi kwenye kioo cha simu. Somo langu ni la kusoma, kuandika na kufanya hesabu, nalo linaweza kusubiri nitoke kazini. Mihadhara imerekodiwa, naipakua mjini palipo na mtandao wenye nguvu, na naamka saa kumi alfajiri kuisikiliza. Sisomi nikiwa zamu, nalisema hili mapema kabla hamjaniuliza.

Katika mwaka wa pili nilijifungua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi zenye malipo, na siku hizo hazilingani na kalenda ya chuo chochote. Kama ningekuwa katika darasa la kawaida ningeahirisha mwaka mzima. Nilisoma mtoto akiwa mapajani, nilifaulu masomo yote isipokuwa moja, na hilo moja nililirudia. Kwa hiyo unapolinganisha mtandao na darasa, mimi sina la kulinganisha. Darasa halikuwapo.

Askari, Moroto

Namuunga mkono Sista. Nilianza masomo nikiwa Masaka, na katikati ya muhula nikapata uhamisho wa kuja huku Karamoja. Chuo hakikujua kwamba nimehama, wala hakikuhitaji kujua. Askari wanaosoma darasani hulazimika kuomba kila mara wasihamishwe, na ombi hilo si la kutegemewa.

Nina tahadhari moja kwa wanaochagua vyuo vya ng'ambo. Usiku wa tarehe 13 Januari 2021, kabla ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku tano hivi, na kazi yangu ilikuwa ya kuwasilishwa Ijumaa ile. Mhadhiri wangu alikuwa Mganda. Naye alikuwa gizani kama mimi, na tarehe ilisogezwa bila mtu kuomba. Rafiki yangu aliyekuwa akisoma katika chuo cha nje alilazimika kuandika barua ya kueleza kwamba nchi nzima haikuwa na mtandao, na barua yenyewe hakuweza kuituma mpaka mtandao uliporudi.

Afisa ajira, Kampala

Nachangia kwa upande wa anayepokea vyeti. Siku hizi sioni waajiri wengi wanaomkataa mtu kwa sababu tu alisoma kwa mtandao. Wanachouliza ni mtihani ulisimamiwa na nani, na kama kozi inatambuliwa. Baraza la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, huidhinisha kila kozi peke yake na kwa muda maalumu, kwa hiyo haitoshi kuambiwa kwamba chuo kina leseni; tafuta jina la kozi yako katika orodha ya Baraza kabla ya kulipa shilingi ya kwanza. Shahada ya nchi za nje nayo hupelekwa kwa Baraza ili ilinganishwe na za hapa. Nimeona watu wazima wakilia ofisini kwa kukosa kufanya ukaguzi wa nusu saa.

Kuhusu hoja ya Mwalimu, nakiri jambo ambalo halitupendezi sisi tulio ofisini. Mfanyakazi akileta ratiba ya darasa la jioni, tunamruhusu atoke saa kumi. Akileta barua ya chuo cha mtandaoni akiomba siku mbili za kujiandaa kwa mtihani, jibu linalotoka haraka ni, "Si unasomea nyumbani?" Hili nimelisema mimi mwenyewe, zaidi ya mara moja. Kwa hiyo kile alichokiona mama mkwe kwenye simu, sisi waajiri tunakiona vivyo hivyo, na sisi hatuna hata kisingizio cha umri.

Mleta mada, mwalimu, Mukono

Sista, nakubali kosa. Niliandika kana kwamba kila mtu ana taksi ya kumfikisha chuoni, na kwa mtu wa Arua, Moroto au Kisoro hoja yangu haina nguvu niliyodhani. Afande, hilo la kuchagua chuo kinachoishi katika matatizo yetu sikuwahi kulifikiria, nami nitalipeleka katika chumba cha walimu. Afisa, ahsante kwa ukweli wako.

Hata hivyo siachi msimamo wangu wote, kwa sababu hata gharama zinafuata njia ile ile. Darasani taa huwashwa na chuo. Nyumbani natia fedha kwenye Yaka, mita ya umeme wa kulipia kabla, mwenyewe, nanunua data mwenyewe, na juu ya data nalipa kodi. Tulianza na ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, mwaka 2018, kisha Julai 2021 ikaondolewa, tukapewa ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Sheria ile ilisamehe data inayotumika kwa huduma za tiba na elimu, na hapo ningefurahi, lakini mimi ninaponunua bando dukani hakuna anayeniuliza kama nitatazama mpira au mhadhara wa takwimu. Msamaha upo kwenye karatasi, na mwanafunzi mtu mzima anayesomea jikoni hana mlango wa kuudai. Wakati wa korona vyuo kadhaa vilipatana na kampuni za simu ili tovuti za masomo zifunguke bila malipo. Kama liliwezekana wakati ule, wanaosimamia elimu na kodi watueleze kwa nini lisiwe jambo la kudumu.

Na Sista, naomba nikuulize swali la mwanamke kwa mwanamke, usiniwie vibaya. Unapoamka saa kumi alfajiri kusikiliza mihadhara, chai ya watoto huandaliwa na nani?

Baba wa watoto watatu, Jinja

Mke wangu anasoma kwa mtandao mwaka huu. Tulikubaliana Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa nne usiku, awe chumbani na mlango ufungwe, mimi nishughulike na watoto. Lilidumu wiki tatu. Mtoto wa mwisho alijifunza kulala mlangoni akilia, nami, niseme kweli, niligonga mara mbili kuuliza nguo za shule zimewekwa wapi. Sasa anatoka, anakwenda kusomea katika ofisi ya parokia ambako padri amempa meza na soketi. Tunachekwa na majirani kwamba mama anatoka nyumbani kwenda kusoma masomo ya nyumbani, lakini tangu aanze kutoka sijagonga mlango wowote, na zile nguo nilizipata mwenyewe.

Muuguzi, Arua

Mwalimu, swali lako nililisoma juzi nikaliacha, nikarudi kulisoma tena leo. Chai huandaliwa na binti wa shangazi yangu, anayeishi nasi tangu mtoto azaliwe. Alipokuja alikuwa na miaka 17. Aliacha shule kidato cha pili, wakati ule shule zilipofungwa, na zilipofunguliwa hakurudi, kwa sababu karo haikuwapo na huku mimi nilikuwa namhitaji. Nimekuwa nikihesabu saa zangu za alfajiri kama saa nilizozipata kwa bidii yangu, na sehemu yake ni kweli, lakini nyingine nilizichukua kwake.

Nimezungumza na mume wangu. Chuo changu kinaniruhusu kupunguza masomo kwa muhula, na nitapunguza mawili, nimalize mwaka mmoja baadaye. Binti ataingia kidato cha tatu Februari. Bado nasimama upande wa mtandao, na muuguzi mwenzangu akiniuliza kesho nitamwambia ajiandikishe. Mume wangu amekwisha kuuliza makaa yanawekwa wapi.