Naomba ushauri: gharama za kumlipa mfuatiliaji wa mgonjwa wa akili

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu, aliyewahi kulazwa mara mbili hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, Unguja, kwa skizofrenia, sasa tuko naye hapa Wete, Pemba, na huchomwa sindano ya flufenazini, dawa ya maradhi hayo, kila baada ya wiki nne. Kinachotutafuna ni nauli ya watu wawili, siku ya kazi inayopotea, na boti ya kwenda Unguja hali yake ikichafuka. Mwezi uliopita nilimkuta barazani, kadi ya kliniki ameikunja ndani ya kofia, tarehe imeshapita siku tisa.

Tunafikiria kumlipa muuguzi mstaafu awe mfuatiliaji wake, yaani amtembelee kila wiki. Ami anasema tutaokoa fedha. Mimi nina wasiwasi, kwani utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1999, uliowafuata wagonjwa 708 kwa miaka miwili, ulionesha kuwa kumpa kila mfuatiliaji wagonjwa wachache zaidi hakukupunguza siku za kulazwa (ingawa wenzetu wale tayari walikuwa na wafuatiliaji, sisi tuna bibi tu).

Aliyewahi kumlipa mtu wa namna hii, mlikubaliana kwa mwezi au kwa kila ziara, na nauli yake ilikuwa juu ya nani?