Tairi na oili ya breki kwa siku ya saketi, nianze na kipi? Niko Malindi

Mwana_Shela
Salaam wadau. Niko Malindi, naendesha Impreza ya 2.0 isiyo na tabo, tairi 205/55R16 za kawaida tu. Jamaa zangu wa Nairobi wameniita twende tukazungushe magari saketi (barabara ya mzunguko ya kukimbizia magari) kule Athi River, si mashindano, kila mtu na gari lake la kila siku anapimwa na saa basi. Sina trela, gari litatoka hapa likitembea na litarudi likitembea. Sasa huyu aniambia ninunue semi-sliki (tairi laini za saketi zenye meno machache), yule asema tairi za kawaida zatosha. Oili ya breki nayo, madukani nimeona DOT 3 na DOT 4 (DOT ni daraja la oili), na kuna mtu ana chupa ya DOT 5 ataka kuniuzia, eti namba ikiwa kubwa ndo bora. Pesa niliyo nayo ni ya kufanya kimoja vizuri. Nianze na kipi?

FundiBarani
Aleikum salaam kaka. Anza na breki, hata bei ya tairi usiulize kwanza. Na hiyo DOT 5 mwachie mwenyewe, ni ya silikoni, haipatani na hiyo iliyo ndani ya gari lako na magari ya ABS (breki zisizofunga magurudumu) hayaitaki. DOT 5.1 ni kitu kingine kabisa, hiyo ni jamaa moja na 3 na 4.

Sikiza. Barabarani unakanyaga breki mara moja moja, zapata kupoa. Saketi unakuja na kasi unakanyaga kwa nguvu, unakata kona, unafungua gesi, unakanyaga tena, mzunguko baada ya mzunguko, na joto latoka kwenye diski laingia kwenye pedi mpaka pistoni za kalipa (kile kibano cha pedi) mpaka kwenye oili yenyewe. Oili ikichemka yatoa mvuke na mvuke unabinyika, basi pedali yaenda mpaka chini na gari halisimami. DOT 3 mpya haifai kuchemka kabla ya nyuzi 205, DOT 4 ni 230, DOT 5.1 ni 260. Ila hizo ni namba za chupa iliyofunguliwa leo. Oili hii yanyonya maji hewani, na maji yakifika asilimia 3.7 hivi DOT 3 inaruhusiwa kushuka hadi 140, DOT 4 hadi 155, 5.1 hadi 180. Kwa hivyo DOT 4 mpya yaishinda 5.1 iliyokaa, na hewa yetu ya pwani waijua ilivyo na unyevu. Ukipata ya mashindano kama Motul RBF 600 hiyo ikiwa mpya yafika 312, lakini kwa gari lako na kwa mara ya kwanza DOT 4 nzuri au 5.1 mpya yatosha.

Chupa iwe imezibwa, usikubali iliyofunguliwa ikawekwa juu ya shelfu. Lita moja yatoa ya zamani yote. Halafu zile niplo za kutolea hewa, magari ya huku chumvi inazishika kwa kutu, zimwagie oili ya kulegeza usiku kabla ya kazi na tumia spana ya ringi. Niplo ikikatikia ndani ya kalipa safari imelala hapo.

TurboKilifi
Fundi nakuheshimu lakini mimi nasema tairi. Kinachogusa lami ni tairi peke yake. Angalia namba ya treadwear ubavuni (ya kupima ulaji wa tairi, ndogo ni mpira laini unaoshika zaidi), za kawaida nyingi ni 400 na kwenda juu, Hankook Ventus RS4 ni 200, kona ya kwanza tu utajua.

Riziki_Watamu
TurboKilifi kushika zitashika, hilo kweli. Lakini tairi ikishika zaidi dereva anachelewa kukanyaga na anakanyaga kwa nguvu zaidi, joto lote laenda kwa zile breki ambazo hajazishughulikia. Na mwenzetu ana kilomita 600 kwenda na 600 kurudi, tairi laini itaanza kulika Mariakani na Mtito Andei kabla haijaiona saketi, na mvua ikimpata njiani ndo mbaya kabisa. Tena kwa anayejifunza, tairi ya kawaida yapiga kelele mapema kabla haijaachia, unapata muda wa kurekebisha.

Kaka Shela, angalia ubavuni mwa tairi zile namba nne za mwisho wa alama ya DOT (hii ni ya tairi, si ile ya oili), 2321 maana yake wiki ya 23 mwaka 2021. Jua letu linakausha mpira, pinda mgongo umulike tochi katikati ya meno, ukiona nyufa tairi hiyo haiendi saketi hata kama meno yamejaa.

Upepo pia. Athi River iko juu kama mita 1,500, kipimo kitasoma karibu psi 2 zaidi ya hapa Malindi kwa sababu hewa ya kule nyepesi, na baridi ya asubuhi itashusha karibu hizo hizo. Kwa hivyo pima kule kule tairi zikiwa baridi, zungusha kidogo, rudi upime tena zikiwa moto utoe zilizozidi. Ukimaliza jaza tena kabla hujashika barabara ya Mombasa.

Mwana_Shela
Nimewaelewa, breki kwanza na tairi nakwenda kuzimulika leo leo. Fundi, pedi je? Za sasa zimebaki nusu.

FundiBarani
Weka mpya, pedi nyembamba yapitisha joto haraka. Zizoeze kabla ya safari, punguza kasi polepole mara kadhaa bila kusimama kabisa, ziache zipoe. Na ukiwa saketi jifunze kutofautisha: pedali ikiwa laini yazama, ni oili imechemka. Ikiwa ngumu na gari halipungui mwendo, ni pedi zimezidiwa na joto. Yote mawili dawa ni kutoka, mzunguko mmoja wa taratibu bila kugusa breki sana, kisha pumzisha gari. Ukisimama usivute hendibreki zikiwa moto, weka gia na jiwe nyuma ya tairi, na kaza nati za magurudumu kila ukitoka. Niletee gari Alhamisi asubuhi tuanze na hizo niplo.