Ushauri: viazi nilivyovipa jeni ya linaloli vimedumaa na havinukii. Nivitupe?

Mtunza Miche:
Salaam wakuu. Nipo mwaka wa pili wa uzamili na nimekwama. Niliingiza kwenye viazi mviringo jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza linaloli, ile harufu ya lavenda, ili majani yanukie na vidukari vikae mbali. Kimeng'enya nimekielekeza kwenye kloroplasti, vile vyumba vya kijani ndani ya seli, na swichi ya jeni inawaka muda wote. Nimepata koo nane, kila ukoo ukiwa mimea iliyotokana na mche mmoja uliopokea jeni. Tano zimedumaa: mimea ya kawaida inanifika kiunoni, hii haijafika gotini. Majani machanga yamepauka katikati ya mishipa. Nikiyanusa, hakuna kitu. Msimamizi anataka nitupe yote nianze upya. Naumia, ni kazi ya miezi 14.

Jicho la Jani:
Usitupe hata mche mmoja. Pua si kipimo, ndugu yangu. Mmea ukizidiwa na linaloli huibandika sukari, na ikishashikana na glukosi hairuki tena hewani, inabaki imeyeyuka ndani ya seli. Yaliwakuta watafiti wa petunia mwaka 2001: walitumia jeni ya ua la Clarkia breweri, linaloli ikatengenezwa, lakini karibu yote ikafichwa kwenye glukosi. Saga majani, gawa mafungu mawili, moja litie glukosidasi, kimeng'enya kinachoing'oa hiyo sukari, acha usiku kucha, kisha pima yote kwa kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha kemikali na kuzipima.

Mama Klorofili:
Mimi nashughulika na hilo la kudumaa. Terpini zote, linaloli ikiwemo, zinajengwa kwa matofali ya kaboni 5. Mawili yakiungana unapata kaboni 10, na hapo ndipo kimeng'enya chako kinapochota. Tatizo ni kwamba hizo kaboni 10 zilikuwa njiani kwenda kuwa 20, na kwenye 20 ndiko unakotoka mkia wa klorofili, ndiko zinakotoka karotenoidi na homoni ya jiberelini inayorefusha shina. Umeweka mchotaji asiyelala mlangoni mwa ghala la familia nzima. Weupe na ufupi kwa pamoja vinanifanya nishuku hapo kwanza. Nyunyizia jiberelini mimea michache ya kila ukoo: shina likirefuka wakati majani yanabaki yamepauka, umeanza kupata jibu. Ila kumbuka linaloli yenyewe ikijaa inaweza kuidhuru seli, kwa hiyo usifunge kesi kwa jaribio moja.

Mkulima Msomi:
Una mimea ya ulinganisho iliyopitia maabara hiyohiyo bila jeni? Viazi vilivyokaa sana kwenye chupa huweza kudumaa vyenyewe.

Mtunza Miche:
Ninayo, kumi na miwili. Yote mirefu.

Mwindaji wa Utitiri:
Basi ni jeni. Nakuomba usilie na harufu tu, jaribu na wadudu wenyewe. Mwaka 2003 Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, iliyopewa jeni ya stroberi ya kutengeneza linaloli kwenye plastidi (kundi la vyumba vya seli ambalo kloroplasti zimo) ilidumaa kama yako, lakini vidukari vilipopewa kuchagua viliikwepa. Mwaka 2005 jeni hiyohiyo ikapelekwa kwenye mitokondria, vyumba vya nishati vya seli, ambako kuna malighafi ya kaboni 15, na mmea ukaita utitiri wawindaji, wale wanaokula utitiri waharibifu. Kinga mbili tofauti kwa kuhamisha chumba tu! Kwa awamu ijayo badilisha na swichi. Viazi vina ya kwao, ya jeni ya kizuia-proteasi namba 2 (protini inayozuia vimeng'enya vya kusaga protini), inayowaka jani likijeruhiwa. Mmea utalipa gharama siku ya vita, si kila siku.

Mtunza Miche:
Nimerudi baada ya siku tisa. Fungu lenye glukosidasi nilipolifungua, harufu ya lavenda ilinipanda puani kabla sijalifikisha kwenye mashine. Fungu lingine kimya. Koo zote tano zinaitengeneza, na ile fupi kuliko zote ndiyo yenye linaloli nyingi. Nimempelekea msimamizi grafu, amekubali tubaki nazo. Jiberelini nimenyunyizia jana, vidukari naviweka Jumatatu. Mwindaji, nikitumia sahani zenye majani mawili, niviache saa ngapi kabla ya kuhesabu?

Mwindaji wa Utitiri:
Hesabu baada ya saa 1, 4 na 24. Weka gizani, vidukari hufuata mwanga vikakudanganya.