Bluu ya kobalti juu ya udongo wa Lubumbashi: naomba ushauri kabla sijajenga tanuru jipya

Dada wa Katuba (Lubumbashi), mwenye uzi

Ndugu wafinyanzi, nawasalimu. Ninafinyanga mitungi na sanamu kwa udongo wa vichuguu, ule ule wanaoutumia mafundi wa matofali hapa kwetu, na ninaichoma kwa kuni. Sasa ninaandaa kazi ya maonyesho: mitungi mirefu myeupe iliyochorwa kwa bluu, yenye picha za machimbo na watu wake. Porseleni (vyombo vyeupe, vigumu, visivyonyonya maji) ya bluu na nyeupe iliyoiletea China sifa tangu zama za utawala wa Yuan, katika karne ya 14, ilipata rangi yake kutokana na madini ya kobalti, na leo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa katika ardhi hii tunayoikanyaga. Sioni kwa nini sisi tuitoe ardhini tu, wengine waichoree.

Naomba kujua mambo mawili. Je, pemba, ule udongo mweupe wanaoununua sokoni mama wajawazito, unaweza kunipa porseleni? Na je, ninaweza kusaga jiwe jeusi la kobalti linalotoka kwa wachimbaji wadogo, nikalitumia kama rangi? Binamu yangu yuko tayari kuniletea.

Fundi Tanuru (Likasi)

Dada, naanza na jiwe kwa sababu linagusa afya yako: tafadhali usilisage. Jiwe hilo, ambalo wataalamu huliita heterojeniti, haliji peke yake. Hubeba shaba na manganizi, na katika baadhi ya machimbo yetu hubeba hata urani, jambo ambalo sisi tunaoishi jirani na Shinkolobwe, lile chimbo la zamani la urani, hatuwezi kulipuuza. Vumbi lake likishaingia mapafuni, hakuna dawa ya kulitoa. Nunua oksidi ya kobalti iliyosafishwa. Najua inauma, kwa kuwa mzigo huondoka kwetu ukiwa haujakamilika, ukasafishwa ng'ambo, hasa China, kisha sisi tukauziwa kwa gramu. Hata hivyo gramu chache hufika mbali: asilimia 0.5 hadi 1 ndani ya glezi, ule mpako unaoyeyuka tanuruni ukawa kama kioo, hutoa bluu iliyokolea, na ukichora kwa brashi utatumia kidogo zaidi. Tena kobalti ina uaminifu ambao madini mengine hayana. Shaba hutoa kijani moto ukipata hewa ya kutosha, na huweza kutoa wekundu moto ukinyimwa hewa. Kobalti hubaki bluu katika hali zote mbili.

Kuhusu pemba, kwa kawaida ni kaolini, lakini porseleni haifanywi kwa kaolini peke yake. Mchanganyiko unaofahamika ni takriban nusu kaolini, robo feldspa na robo kwatzi, yote mawili mawe ya kusagwa, na lazima uchomwe kwenye joto la nyuzi za Selsiasi 1,280 hadi 1,350, ambapo feldspa huyeyuka na kuushikamanisha mwili wa chombo hadi usinyonye maji. Tanuru la matofali ya kawaida halitafika huko. Matofali yenyewe yatalegea kabla ya mitungi kuiva.

Mama Vyungu (Bukavu)

Mwanangu, aliyoyasema fundi ni ya kweli, nami nauliza jambo lililo kabla ya hayo: kwa nini iwe porseleni? Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisoma Uingereza, akajifunza pia katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, alikofundisha mfinyanzi Ladi Kwali. Mitungi yake huijenga kwa mkono, huisugua mpaka ing'ae bila glezi, na ile myeusi huipata kwa kuichoma tena katika moto ulionyimwa hewa. Majumba makubwa ya makumbusho, British Museum likiwamo, yameichukua kazi hiyo ya udongo wa kawaida. Na huko Katanga kwenyewe, pale Sanga kando ya Ziwa Kisale, wanaakiolojia waliochimba kuanzia mwaka 1957 walifukua makaburi yenye vyombo vya udongo vya ustadi mkubwa, vilivyofinyangwa karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Urithi huo ni wako. Sipendi kukuona ukiuruka ili ufanane na China.

Dada wa Katuba

Mama, nashukuru, na fundi pia. Jiwe nimeachana nalo. Lakini sitaki kufanana na China. Ai Weiwei, msanii wa China, alipomwaga mbegu milioni 100 za alizeti katika ukumbi wa Tate Modern, London, mwaka 2010, zote za porseleni na kila moja ikiwa imechorwa kwa mkono Jingdezhen, mji wa porseleni wa China, nyenzo yenyewe ilikuwa sehemu ya maneno yake. Kwangu mimi kobalti ndiyo maneno. Bila bluu, mtungi wangu hausemi ninachotaka kusema.

Msomaji wa Goma

Basi porseleni si lazima, weupe ndio lazima. Wafinyanzi wa Delft, Uholanzi, walikuwa katika hali kama yako katika karne ya 17: walivitaka vyombo vya China, na siri ya porseleni ngumu haikujulikana Ulaya hadi karakana ya Meissen, Ujerumani, ilipoanza kuifinyanga mwaka 1710. Walichukua udongo wao wa kawaida, wakaufunika kwa glezi nyeupe yenye madini ya bati, wakachora kwa kobalti juu yake.

Fundi Tanuru

Njia hiyo naiunga mkono, na naona inafaa zaidi kwake kwa sababu chini ya weupe utabaki udongo wa kichuguu, hivyo hata Mama Vyungu hajapuuzwa. Wewe badala ya bati, tumia pemba. Ichuje iwe laini, uifanye rojo, uipake mtungi ungali na unyevu, umekaza kidogo lakini haujakauka, ili vyote viwili vinywee pamoja. Ukichelewa, weupe utabanduka kama magamba. Kwanza choma kipande cha pemba peke yake, kwani kikitoka cha waridi kina chuma na bluu yako itafifia. Oksidi ya kobalti ichanganye na rojo hiyo hiyo kabla ya kuchora, maana ikiwa peke yake hukoza kupita kiasi na mistari huelekea kutapakaa. Juu yake weka glezi angavu ya friti (kioo kilichoyeyushwa kikasagwa) yenye boroni, inayoiva kati ya nyuzi 1,000 na 1,050, na usikubali kuuziwa yenye madini ya risasi. Kuni zitakufikisha hapo ukiliziba tanuru vizuri, kwa hiyo hutategemea umeme wa kukatika. Anza na vigae vidogo vya majaribio, kila kimoja kikiwa na namba mgongoni iliyochorwa kwa hiyo kobalti, kisha utuletee picha zake hapa, pamoja na vile vitakavyopasuka.