Je, tunaweza kutii sheria bila kujianika?

Swali
Ndugu wanajukwaa, juzi soko ninalotumia kubadilishia sarafu lilikataa kuniruhusu nitoe Bitcoin zangu mpaka nijipige picha nikiwa nimeshika kitambulisho, kisha nieleze pochi ninayozipeleka ni ya nani. Sipingi udhibiti wa utakatishaji fedha. Kinachonisumbua ni kwamba leja yenyewe, yaani daftari la miamala yote ya Bitcoin, iko wazi kwa kila mtu, hivyo jina langu likishafungamanishwa na anwani moja, anayelijua anaweza kufuatilia miamala yangu ya nyuma na ya baadaye. Je, kuna njia ya kutii bila kujianika hivyo?

Jibu la kwanza
Hofu yako ina msingi. Sharti hilo limetokana na mwongozo wa mwaka 2019 wa FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, unaotaka taarifa za mtumaji na mpokeaji ziambatane na muamala. Kwa upande wako, tumia anwani mpya kila unapopokea, na usiunganishe masalio ya anwani mbili katika malipo mamoja, kwa sababu wachunguzi huchukulia kwamba zote ni za mtu mmoja.

Jibu la pili
Teknolojia ya njia ya kati ipo. Katika Zcash, sarafu ya kidijitali iliyoanza mwaka 2016, mtumiaji anaweza kuficha kiasi na anwani, kisha akampa mkaguzi ufunguo wa kutazama, unaoonyesha miamala bila kumwezesha kugusa fedha. Ni kama kumfungulia mkaguzi daftari badala ya kulibandika ukutani. Bahati mbaya, sheria ya Umoja wa Ulaya itakayoanza kutumika Julai 2027 inawakataza watoa huduma kushughulikia sarafu zinazoficha utambulisho.

Jibu la tatu
Ndugu yangu hapo juu, ufunguo huo hutolewa kwa hiari, na mhalifu hatautoa. Tornado Cash, programu ya kuchanganya sarafu za watu ili zisifuatiliwe, iliwekewa vikwazo na Marekani Agosti 2022 kwa madai kwamba wadukuzi wa Korea Kaskazini waliitumia. Vikwazo viliondolewa Machi 2025, baada ya mahakama ya rufaa kuamua kwamba programu isiyoweza kubadilishwa na yeyote si mali ya mtu. Kwa hiyo mlango wa ukaguzi utabaki kwenye masoko. Mimi ningehoji zaidi uhifadhi: viwango vya FATF vinataka kumbukumbu za wateja zitunzwe kwa angalau miaka 5, na hifadhi ya namna hiyo ikidukuliwa, anwani unaweza kubadilisha, lakini sura yako huwezi.

Mwuliza
Ahsanteni. Nitaliandikia soko hilo niulize picha yangu inatunzwa wapi, na nani anaifungua.